Nuru Mbili Juu ya Vumbi Moja: Hoja ya Hadubini ya Raman kwa Kanda ya Dhahabu

Mgodi wa Buzwagi, ulio jirani na mji wa Kahama mkoani Shinyanga, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na ukasitisha uzalishaji mwaka 2021. Kwa upande wa biashara hesabu hiyo imefungwa. Kwa upande wa tiba ya mapafu haijafungwa. Silikosisi, yaani ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kuvuta vumbi la silika, kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi tangu mtu alipoanza kulivuta, na huweza kuendelea hata baada ya mtu huyo kuacha kazi ya vumbi. Kijana aliyeingia katika uchimbaji wa kanda hii mwaka 2009 amekwisha kuvuka kipindi hicho. Hilo halina maana kwamba mgodi huu au ule umewadhuru watu wake. Maana yake ni kwamba wakati wa kuuliza umefika, na kwamba swali hilo halifai kujibiwa kwa kukisia.

Watu wa ukanda wa dhahabu hawakai mahali pamoja. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, unaochimbwa chini ya ardhi, mwaka 2001. Kandokando ya migodi hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo wanaoshuka kwenye maduara, wanaovunja mawe kwa karasha, na wanaorudia marudio kwenye mialo. Mtu mmoja huweza kuajiriwa mgodini kwa miaka mitano, akashuka duarani kwa mitatu, kisha akasimama kando ya karasha kwa mingine kadhaa. Anapofika zahanati akikohoa, hupimwa kifua kikuu, na ni haki yake apimwe. Lakini vumbi alilolivuta halipimwi popote. Halina jina wala kiasi katika faili lake, na kwa sababu hiyo halina uzito mbele ya sheria.

Hoja inayotetewa hapa ni hii: Kanda ya Ziwa inahitaji maabara moja ya pamoja yenye hadubini ya Raman inayotumia leza za aina mbili, ya mwanga unaoonekana na ya mionzi ya urujuanimno, na kazi ya kwanza ya maabara hiyo iwe kupima vumbi kabla ya kupima wagonjwa. Ili hoja hiyo ieleweke, yafaa kwanza kueleza chombo chenyewe.

Mwaka 1928, mjini Calcutta nchini India, mwanafizikia C. V. Raman pamoja na K. S. Krishnan walionyesha kwamba mwanga unapogonga molekuli, karibu wote hutawanyika ukiwa na rangi ileile, ila sehemu ndogo mno, takriban fotoni moja katika milioni kumi, hubadilika rangi kidogo. Ukubwa wa badiliko hilo hutegemea jinsi atomu za molekuli zinavyotikisika, na kila aina ya molekuli ina mtikisiko wake. Raman alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Leza ilipobuniwa mwaka 1960, ikapatikana nuru yenye nguvu na ya rangi moja tu. Na leza hiyo ilipounganishwa na hadubini, ikawezekana kuelekeza nuru kwenye chembe moja ya vumbi, ndogo kuliko chembe nyekundu ya damu, na kuitambua bila kuipaka rangi wala kuiyeyusha.

Kwatzi, ambayo ndiyo sura ya silika inayopatikana zaidi katika miamba inayobeba dhahabu, ina alama yake katika kipimo cha Raman: kilele kirefu chembamba kwenye namba wimbi 464 kwa sentimita. Kalsaiti, iliyo katika chokaa, ina kilele kwenye 1086. Masizi ya injini za dizeli huonekana kwa vilele viwili vipana karibu na 1350 na 1580. Kwa hiyo chembe tatu zinazofanana chini ya hadubini ya kawaida, moja ikiwa ya kwatzi, moja ya chokaa na moja ya masizi, hutofautishwa zikiwa bado zimekaa palepale kwenye chujio.

Kwa nini basi leza mbili? Kwa sababu kila nuru ina jambo inaloliona vizuri na jambo inalolikosa. Leza ya kijani yenye urefu wa wimbi wa nanomita 532 husoma madini vizuri. Pia husoma mafuta na protini za seli. Udhaifu wake ni kwamba vitu vingi vya asili, ukiwamo udongo wa mfinyanzi na mabaki ya viumbe, hung'aa vyenyewe vinapopigwa na nuru hiyo. Mng'ao huo, unaoitwa fluoresensi, huweza kuifunika ishara dhaifu ya Raman kabisa, kama taa ya gari inavyofunika nyota.

Leza ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 250 hivi huukwepa mng'ao huo. Fluoresensi ya vitu vingi huanza kwenye mawimbi marefu zaidi, kuanzia nanomita 270 na kuendelea, ilhali ishara ya Raman hukaa karibu na leza yenyewe, kabla ya kufika huko. Faida ya pili ni nguvu: ishara ya Raman huongezeka kwa kipeo cha nne kadiri wimbi linavyofupishwa, hivi kwamba kulipunguza wimbi kwa nusu huikuza ishara mara 16. Faida ya tatu ndiyo kubwa kwa tabibu. Katika urujuanimno, DNA na asidi amino kama tirosini na triptofani huipokea nuru ya leza na kuitikia kwa nguvu nyingi kuliko molekuli zilizo jirani. Kiini cha seli na DNA ya bakteria husikika waziwazi katikati ya kelele za vitu vingine.

Hata hivyo urujuanimno nao una upofu wake. Kwa leza ya kijani, kilele cha kwatzi hujitenga na mwanga wa leza kwa nanomita zaidi ya 13. Kwa leza ya nanomita 250 hivi, hujitenga kwa chini ya nanomita 3. Vichujio vinavyowekwa kuzuia mwanga mkali wa leza usiingie kwenye kipokezi mara nyingi hukata pia eneo hilo la karibu, na kilele cha kwatzi hupotea pamoja nao. Anayetumia urujuanimno peke yake huweza basi kuiona seli na kulikosa jiwe lililoizamia. Anayetumia nuru ya kijani peke yake huweza kuliona jiwe na kuzikosa habari za kiini cha seli. Nuru zote mbili zikielekezwa mahali pamoja, picha hukamilika.

Jambo hili si ndoto ya maabara. Chombo cha Marekani kiitwacho Perseverance, kilichotua katika sayari ya Mirihi tarehe 18 Februari 2021, kimebeba vifaa viwili vya Raman. Kimoja, SHERLOC, kiko kwenye mkono wake na hutumia urujuanimno wa nanomita 248.6 kutafuta molekuli za kikaboni. Kingine, SuperCam, kiko juu ya mlingoti na hutumia nuru ya kijani ya nanomita 532 kutambua madini. Waliokiunda walijua kwamba nuru moja haitoshi kuusoma mwamba na mabaki ya uhai kwa pamoja. Mwaka uleule ambao Buzwagi ilisitisha uzalishaji, mawe ya sayari nyingine yakaanza kusomwa kwa nuru mbili. Vumbi lililo katika mapafu ya wachimbaji wa dhahabu linastahili uangalifu usiopungua huo.

Ukubwa wa tatizo unajulikana kwa kiasi cha kutosha kutia hofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania ulikuta wastani wa miligramu 16.85 za silika ya fuwele katika kila mita ya ujazo ya hewa wakati wa kutoboa miamba chini ya ardhi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani ni miligramu 0.05. Hiyo ni mara 337. Hata kwenye kazi za juu ya ardhi wastani ulikuwa miligramu 0.19, karibu mara nne ya kiwango hicho. Silika ya fuwele iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1997. Aidha, inajulikana kwa miaka mingi kwamba mapafu yaliyojaa silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, kwa sababu makrofaji, yaani seli zinazomeza uchafu na vijidudu, hufa zinapomeza chembe hizo.

Hapa ndipo hadubini inapofanya kazi ambayo vipimo vya jumla haviwezi. Njia za kawaida za kupima silika, yaani eksirei juu ya fuwele na mionzi ya infraredi, hutoa jumla ya uzito: mikrogramu kadhaa za kwatzi kwenye chujio. Jumla hiyo ni ya lazima. Lakini sumu ya kwatzi haitegemei uzito pekee. Chembe iliyovunjwa sasa hivi huwa na uso mkali unaodhuru seli zaidi kuliko chembe iliyokaa. Na chembe iliyofunikwa na udongo wa mfinyanzi huwa na madhara madogo kuliko iliyo tupu. Karasha hutoa kwa wingi chembe za aina ya kwanza, mpya na tupu. Barabara ya vumbi ya kiangazi cha Shinyanga hutoa mchanganyiko. Hadubini inayosoma chembe mojamoja ndiyo inayoweza kueleza kwatzi hiyo imekaa peke yake au imeambatana na nini. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba hadubini ya Raman yaweza kupima uzito wa silika moja kwa moja kwenye vichujio vya hewa. Njia imekwisha kufunguliwa. Kinachosubiriwa ni watu wa kuipita.

Buzwagi yenyewe inaipa hoja hii haraka. Eneo la mgodi limepangiwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, lenye viwanda mahali palipokuwa na mtambo wa dhahabu. Viwanda vitaleta wafanyakazi wapya, na pamoja nao vumbi jipya juu ya vumbi la zamani. Miaka kumi na mitano ijayo, mfanyakazi wa kiwanda akikutwa na kovu mapafuni, itaulizwa limetoka wapi: mgodini, duarani, barabarani, au kiwandani? Bila kipimo cha mwanzo, kila mwajiri atamnyooshea mwenzake kidole na mgonjwa atabaki katikati. Kipimo cha mwanzo hakiwezi kufanywa baadaye. Hufanywa sasa au hakifanywi kamwe.

Wala si dhahabu peke yake. Kahama ni soko kubwa la mchele, na mashine za kukoboa huacha vilima vya pumba. Pumba za mpunga zina silika nyingi, ambayo kwa asili si ya fuwele. Zikichomwa kwa joto kali sana, kama inavyoweza kutokea katika tanuri, sehemu ya silika hiyo hugeuka kuwa kristobalaiti, ambayo ni ya fuwele na ina madhara kama ya kwatzi. Kristobalaiti ina kilele chake karibu na 416, mbali na 464 ya kwatzi. Kwa nuru ya kijani, chembe iliyotoka mwambani na chembe iliyotoka tanurini huachana. Swali la nani atoe fidia, au la tanuri lipi lirekebishwe, huweza kutegemea tofauti hiyo ndogo.

Yapo mapingamizi, na baadhi yake ni mazito. La kwanza ni la gharama. Chombo cha namna hii huhesabiwa kwa mamia ya mamilioni ya shilingi, na upande wa urujuanimno ndio ghali zaidi. Kioo cha kawaida hakipitishi mionzi hiyo, hivyo lenzi zake hutengenezwa kwa silika iliyoyeyushwa au kwa vioo vya kuakisi. Hata kipande cha kuwekea sampuli hakiwezi kuwa kile cha kawaida cha maabara za hospitali. Umeme sharti utulie, na fundi sharti apatikane. Jibu ni kwamba kwa sababu hizohizo hakitakiwi chombo katika kila mkoa. Kinatakiwa kimoja, Mwanza au Kahama, kinachohudumia Shinyanga, Geita, Mara na majirani zao. Vichujio vya vumbi ni vyepesi, havihitaji barafu, na husafirishwa kwa basi bila kuharibika. Pampu ndogo ya kuvutia hewa inayofungwa kiunoni mwa mfanyakazi ndiyo inayopaswa kuwa nyingi.

Pingamizi la pili ni la madaktari wenyewe. Silikosisi hutambuliwa kwa historia ya kazi na picha ya eksirei ya kifua. Kukata kipande cha pafu ni hatua inayohitajika mara chache, na haipaswi kufanywa ili kuipatia hadubini kazi. Pingamizi hilo ni la kweli na linapaswa kukubaliwa lote. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni vumbi. Kazi ya pili ni vipande vya tishu vilivyokwisha kukatwa kwa sababu nyingine halali na kuhifadhiwa hospitalini, kwa idhini ya kamati za maadili, baada ya kuondolewa nta ya parafini ambayo nayo ina vilele vyake vya Raman. Humo ndimo nuru mbili zinapofaa kwa pamoja: ya kijani kuonyesha kwatzi, ya urujuanimno kuonyesha hali ya seli zilizoizunguka. Kuhusu bakteria, watafiti wa Jena nchini Ujerumani wamezitumia nuru zote mbili kuwatambua. Lakini kwa Kanda ya Ziwa hilo libaki kuwa la utafiti. Kipimo cha makohozi kwa mashine ya GeneXpert kipo na kinafanya kazi yake.

Mpangilio wa kazi nao si jambo dogo. Urujuanimno huunguza. Seli zilizopigwa nao haziwezi kusomwa upya kana kwamba hazikuguswa. Kwa hiyo nuru ya kijani hutangulia, ikiwa hafifu, na urujuanimno hufuata, sampuli ikisogezwa ili nuru isikae mahali pamoja muda mrefu. Maabara isiyozingatia utaratibu huu itatoa picha za majeraha iliyoyasababisha yenyewe na kuyaita ugonjwa.

Pingamizi la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote: fedha hizo zingenunua mabomba ya maji ya kuloweshea miamba na karasha, na maji huokoa mapafu bila hadubini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na maji ndiyo udongo wa kuzibia ufa huu. Hakuna anayeweza kupinga hilo kwa haki, na lau ingelazimu kuchagua kimoja, maji yangechaguliwa. Lakini maji nayo yanahitaji kupimwa. Katika nchi ya ukame kama Shinyanga, ambako ndoo ya maji ina bei, mwenye karasha hatamwaga maji kila siku kwa kuambiwa tu kwamba ni vema. Atayamwaga akionyeshwa chujio la jana na chujio la leo, na akijua kwamba mkaguzi ana namba hizohizo mkononi. Kipimo ndicho kinachogeuza ushauri kuwa sharti.

Kipo pia kilio cha haki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 zimeweka misingi mizuri. Mfuko wa fidia, hata hivyo, unategemea michango ya waajiri, na mchimbaji mdogo wa duarani mara nyingi hana mwajiri wa kumchangia. Anayebaki nje ya mfuko ndiye anayevuta vumbi zaidi. Maabara peke yake haiwezi kuliziba pengo hilo. Inachoweza ni kuliandika kwa namba, ili watunga sheria wasiweze kusema hawakujua.

Kwa hiyo matakwa ni machache na yanatekelezeka. Vyuo vikuu vya tiba, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi na halmashauri za Kanda ya Ziwa wakubaliane juu ya chombo kimoja cha pamoja. Kianze na leza ya kijani, ambayo ni nafuu na tayari inatosha kwa kwatzi na kristobalaiti, na kinunuliwe kikiwa na nafasi ya kuongezewa urujuanimno mara wataalamu wanapokuwa wamefunzwa. Kipimo cha mwanzo cha vumbi la Buzwagi kifanywe kabla viwanda havijajaa. Kila aliyevaa pampu arudishiwe matokeo yake kwa Kiswahili anachokielewa, yakiwa na namba moja iliyo wazi: amevuta kiasi gani, na kiasi gani kilipaswa kuwa mwisho.

Nakala ya matokeo hayo ikae katika faili lake la zahanati. Siku atakapofika akikohoa, mganga atampima kifua kikuu kama ilivyo ada. Kisha atafungua ukurasa unaofuata, atasoma ni vumbi gani na la kiasi gani, na atajua kwamba picha ya eksirei haipaswi kusubiri.